SITI BINTI SAAD KATIKA WASIFU WA SHAABAN ROBERT: MSANII AU MFANO WA TABIA NJEMA?

Makala haya yanauliza swali moja tu. Je, Shaaban Robert katika Wasifu wa Siti binti Saad ametuonyesha msanii, au ametuonyesha mtu mwema? Wapo watakaosema ni yale yale. Mimi nakataa.

Kwanza tumpe mwandishi haki yake. Alizungumza na Siti kabla hajafariki mwaka 1950, akaandika maisha ya mwanamke wa tabaka la chini wakati ambapo waliozoea kuandikwa ni masultani, mashekhe na Wazungu. Bila yeye tungebaki na santuri na masimulizi tu. Hilo si jambo dogo.

Tatizo liko kwenye namna ya kusimulia. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880, utumwa ukiwa bado haujafutwa kisheria. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu akavitembeza mjini. Mwaka 1911 alihamia huko, akajifunza muziki, na ndipo akaja kuitwa Siti, yaani bibi wa heshima. Kutoka Mtumwa hadi Siti: hapo pana suala la kitabaka waziwazi. Lakini Shaaban Robert akifika hapo anageuka mwalimu wa maadili. Umaskini unakuwa mtihani wa subira, na mafanikio yanakuwa malipo ya adabu. Hebu tujiulize: wafinyanzi wapole walikuwa wangapi Fumba, na wangapi walilipwa?

Kilichomtoa Siti ni kazi. Taarabu ilikuwa burudani ya jumba la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu. Yeye na wenzake, akina Subeti bin Ambari, Mwalimu Shaaban, Buda bin Mwendo na Mbaruku Talsam, waliiimba kwa Kiswahili, na watu wa Ng'ambo wakasikia mambo yao wenyewe. Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwarekodi Bombay, na sauti yake ikasambaa pwani na bara.

Na aliimba nini? Tuchukue wimbo wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam anauawa Unguja, muuaji anatorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi ndio wanaoadhibiwa. Wimbo unamshangaa hakimu na sheria yake ya kikoloni. Huo ni uhakiki wa mahakama, uliotolewa na mtu asiyejua kusoma wala kuandika.

Hata walipomcheka, eti katoka shamba na sura hana, hakunyamaza. Alijibu kwa wimbo kwamba urembo na ukoo mkubwa havimfai kitu aliyekosa akili. Huo si upole bwana, ni kejeli, na kejeli ni silaha ya mnyonge. Katika wasifu, sauti hiyo inafunikwa na mawaidha mpaka msomaji anadhani Siti alishinda kwa kuvumilia.

Kwa nini ning'ang'anie jambo hili? Kwa sababu sisi wa bara, kama kwetu Bonga, njia ya Babati kwenda Kondoa, hatukulelewa na taarabu. Wengi wetu Siti tulimkuta kitabuni kabla ya kusikia santuri yake hata moja. Kitabu kikimfunika, kwetu amefunikwa kweli. Halafu binti anayesoma anajifunza kwamba mwanamke maskini hukumbukwa kwa sharti moja: awe hana doa. Hatuwadai washairi wanaume sharti hilo. Muyaka tunamsoma kwa ukali wa ulimi wake, wala hatuulizi kwanza kama alikuwa mpole.

Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti. Nadhani hapo waliona vizuri zaidi kuliko mwandishi wetu mashuhuri. Walichagua sauti, hawakuchagua tabia.

Sisemi wasifu huu uwekwe kando. Fani yake ni ya juu, na heshima aliyompa Siti ni ya kweli. Nasema usifundishwe peke yake. Nyimbo zake ziingie darasani, zichambuliwe fani na maudhui kama tunavyochambua tenzi, na Siti ahesabiwe miongoni mwa watunzi, si miongoni mwa wahusika wa Shaaban Robert.