Mfuo na Jino: Kuusoma Uso wa Kiatu cha Farasi

Kigeuze kiatu cha farasi, utazame uso unaokanyaga ardhi. Utaona mfuo uliochimbwa kuufuata mpindo wa chuma. Asiyeujua uhunzi atadhani kazi yake ni kuficha vichwa vya misumari basi. Lakini farasi anapokimbia, mfuo hujaa udongo, na udongo huo hushikana na ardhi kuliko chuma kitupu. Huu ndio ubora wa umbo hili: mhunzi hupunguza chuma, na ardhi yenyewe inakamilisha kazi.

Viatu vya farasi wa uwindaji Uingereza huipeleka hoja hiyo mbele. Chuma chake ni kipana upande wa ukwato na chembamba upande wa ardhi, na ukingo wa ndani umelazwa kwa mshazari. Kwa hiyo matope hayapati pa kung'ang'ania. Mguu ukinyanyuka, yanatoka. Kushika na kuachia vimekaa katika umbo moja.

Jino la nchani, ukingo uliosimama mbele ya kiatu cha mbio, lina hoja nyingine. Huchimba ardhi farasi anapojisukuma, na kwa macho linaonekana jasiri kuliko mfuo. Kasoro yake iko kwenye kutua. Mguu unapogusa ardhi huhitaji kuteleza kidogo ili kishindo kipungue. Jino huukatiza mtelezo huo, tena huinua ncha ya ukwato na kuzidishia kano mzigo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kuhusu farasi wa mbio wa California uliyahusisha meno haya na majeraha ya kuua. Mwaka 2008 kamati ya usalama ya The Jockey Club, Marekani, ilipendekeza meno yanayozidi milimita 2 yapigwe marufuku kwenye miguu ya mbele.

Meno ya kuskrubu ya farasi wa kuruka viunzi yana busara zaidi: yenye ncha kwa ardhi ngumu, mapana kwa matope, na shindano likiisha yanafunguliwa. Hata hivyo, jino moja upande mmoja huupindisha ukwato kwenye ardhi ngumu.

Kwa hiyo nauweka mfuo juu ya jino. Kiatu kinachosifiwa kwa kung'ang'ania peke yake kimesomwa nusu. Kipimo chake kamili ni jinsi kinavyouruhusu mguu kutua, kusukuma na kuondoka salama. Mhunzi na aanze na mfuo, aongeze jino pale tu ardhi inapolidai.