Paka Mwenye Buti na Paa wa Jaani

Katika vitabu vya ngano za dunia vinavyotungwa kwa ajili ya watoto, penye mashujaa werevu paka mwenye buti hakosekani. Msomaji atamkumbuka. Mwana mdogo wa msaga nafaka amerithi paka tu. Paka anaomba buti na mfuko, anawinda sungura na kumpelekea mfalme kwa jina la bwana mkubwa asiyekuwepo, anadai nguo za bwana wake zimeibwa mtoni, na mwishowe analihadaa zimwi lijigeuze panya, akalila na kuitwaa ngome yake. Kijana anaoa binti mfalme. Paka naye anakuwa mtukufu, na panya anawakimbiza kwa kujifurahisha tu.

Hivyo ndivyo Charles Perrault alivyoichapisha huko Ufaransa mwaka 1697, na ndivyo watoto wengi wanavyoipata hadi leo. Ni hadithi tamu, nami silikatai hilo. Lakini naisoma kwa mashaka tangu nilipoiweka kando ya ile ya kwetu, Kisa cha Sultani Darai, ambacho Edward Steere alikipata kwa wasimulizi wa Unguja na kukitoa katika kitabu chake mjini London mwaka 1870.

Hapa mwerevu ni paa. Maskini mmoja anayechakura jaani apate punje za kula anaokota thumni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Paa anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani wa nchi nyingine na kuposa binti yake kwa niaba ya bwana anayemwita Sultani Darai. Naye anazua habari ya wezi waliomwacha bwana wake uchi! Kisha anamuua nyoka wa vichwa saba na kuitwaa nyumba yake. Mpaka hapo paa na paka ni ndugu.

Perrault angeishia hapo. Msimulizi wa Unguja anaendelea. Paa anaugua. Anatuma habari kwa bwana wake, na bwana anaagiza apikiwe uji wa mtama. Mkewe anamsihi amkumbuke aliyewakutanisha, yeye hasikii. Kwake yeye, mnyama huyo bado ni wa thumni moja. Paa anakufa na kutupwa kisimani. Baba wa yule binti, akipata habari, anakuja na watu wake kumzika na kumlilia. Ndipo usiku mmoja mke anaota yuko kwao, akiamka yuko kwao kweli. Mume anaota anachakura jaani, akiamka yuko jaani.

Mtu asidhani tofauti hii ni ya Ulaya na Afrika. Kabla ya Perrault, Giambattista Basile wa Napoli aliandika kisa hichohicho katika kitabu kilichotoka kati ya 1634 na 1636, baada ya kifo chake. Paka wake, ambaye ni jike, ameahidiwa kwamba akifa maiti yake itahifadhiwa ndani ya tundu la dhahabu. Anajifanya amekufa ili aone. Bwana anasema ashikwe mguu atupwe dirishani. Paka anaruka, anamsuta vya kutosha, anakwenda zake.

Kwa hiyo Napoli walijua kuuliza, na Unguja walijua kuuliza: aliyefanya kazi yote alilipwa nini? Perrault alilizima swali kwa kumpa paka cheo, na mafunzo aliyoambatisha mwishoni yanasifu ujuzi, mavazi na sura nzuri, ingawa kijana mwenyewe hakuwa amefanya lolote ila kuoga mtoni. Hapo ndipo ninapogombana na watayarishaji wa vitabu vya watoto. Wanauita huu werevu, wanamwacha mtoto akae upande wa anayefaidi. Katika nyumba zetu nyingi yupo anayeamka kabla ya wote, akawasha moto, akachota maji, na siku akiugua tunaulizana chai itapikwa na nani. Watoto wanatuona.

Wapo watakaosema mwisho wa paa ni mchungu mno kwa mtoto. Ni mchungu, ndiyo. Nilipowasomea wajukuu wangu, mmoja alilia, na mwenziwe alikasirika, si kwa bwana bali kwa paa: kwa nini hakukimbia? Andrew Lang hakuogopa. Kitabu chake cha watoto cha mwaka 1901 kina kisa hiki cha paa, kisima na jaa vikiwa mahali pake. Kasoro ninayoiona mimi ni nyingine: paa anavumilia kupita kiasi, hana hata neno moja la kusuta kama la yule paka wa Napoli.

Mzazi akitaka kuwasomea wanawe visa hivi, naona aanze na wa Napoli, kisha wa Unguja siku ya pili, wakiwa bado wana hasira. Wa Perrault watamkuta wenyewe. Amejaa madukani, na buti zake zimepakwa rangi nyekundu.