Mmoja katika Elfu Kumi

Katika filamu ya Django Unchained, ya mwaka 2012, kuna mahali ambapo mnyapara anakimbia kwa farasi katikati ya shamba la pamba. Risasi inampata kwa mbali, na kabla mwili wake haujafika chini, damu inarukia pamba iliyochanua. Mwongozaji, Quentin Tarantino, anaiachia picha hiyo nafasi ndogo sana, lakini inatosha. Pamba ile ilikuwa na damu tangu mwanzo, ila haikuwa damu ya mnyapara. Msomaji wa visiwa hivi ana sababu yake ya kuitazama mara mbili: pamba ya kusini mwa Marekani ilifumwa Massachusetts, ikapakiwa Salem, ikateremshwa Unguja, na watu wakaivaa kwa jina la marekani bila ya kuulizana nani aliyeichuma.

Hadithi yenyewe ni nyepesi, na huo si upungufu, kwani hadithi za kisasi hazipendi matawi. Mwaka ni 1858. Dr. King Schultz, Mjerumani aliyeacha utabibu wa meno akawa msaka wahalifu kwa malipo, anamtwaa mtumwa Django ili amtambulishie ndugu watatu wanaosakwa. Kazi hiyo ikishakwisha, wawili hao wanaelekea Mississippi, kwenye shamba la Calvin Candie, kumtafuta Broomhilda, mke wa Django. Jina la Django limetoka katika picha ya kauboi ya Mtaliano Sergio Corbucci, ya mwaka 1966, na Franco Nero, aliyeicheza wakati ule, anapita humu kwa kitambo kidogo. Waliokulia katika picha za aina hiyo wanalijua sharti lake: stelingi hafi. Kwa hiyo hofu ya mtazamaji haiko kwa Django. Iko kwa wale wasiokuwa stelingi.

Tarantino analijua jambo hilo, na kwa muda mrefu analitendea haki. Mtumwa D'Artagnan anapotupiwa mbwa, kamera haifanyi mzaha, na hakuna anayecheka ukumbini. Wenye bunduki wanapopigana wao kwa wao, damu inaruka kama maji ya bomba lililopasuka, na kicheko kinaruhusiwa. Mipaka ya ukatili huo wa aina mbili inashikiliwa hadi karibu na mwisho, ambapo kicheko kinakuwa ndicho bwana wa nyumba. Spike Lee alikataa kuitazama filamu hii, akaiona kuwa ni kuwavunjia heshima wahenga wake. Kukataa ni haki yake. Lakini aliyekaa dakika 165 akaitazama yote anaondoka na shutuma nzito zaidi ya hiyo.

Kwanza apewe sifa Samuel L. Jackson. Stephen, mtumishi mkuu wa nyumba ya Candie, mbele ya wageni ni mzee wa mkongojo, mwenye kulalama na kuchekesha. Mlango wa maktaba ukifungwa, anakaa kitini, ana kinywaji mkononi, na anamweleza bwana wake jinsi alivyokuwa akidanganywa mezani. Hapo mtazamaji anatambua nani anayeiendesha nyumba ile. Utumwa haukutawala kwa mjeledi peke yake, na filamu chache zimethubutu kuuonesha upande huo bila ya kuulainisha.

Shutuma inaanzia kwenye fuvu. Candie analiweka mezani fuvu la mzee Ben, mtumwa aliyemnyoa baba yake mara tatu kwa wiki kwa miaka hamsini, akiwa na wembe shingoni pake. Mbona hakumchinja? Mbona hawa, walio wengi hivi, hawatuui? Kisha analikata fuvu kwa msumeno na kuonesha vishimo vitatu mfupani, akidai kuwa ndiyo alama ya unyenyekevu wa kuzaliwa. Ni upuuzi, na filamu inajua kuwa ni upuuzi. Hata hivyo haimjibu. Candie anadai kuwa mtu mweusi aliye tofauti ni mmoja katika elfu kumi, na mwishoni Django anakubali: mmoja huyo ni yeye. Yaani mwuaji wa Candie anaibeba hesabu ya Candie. Waliobaki wanaachiwa vishimo vyao.

Jibu lilikuwapo. Mwaka 1811, huko Louisiana, jirani na Mississippi, mamia ya watumwa waliandamana wakielekea New Orleans. Mwaka 1831 Nat Turner na wenzake waliinuka Virginia, wakaua Wazungu wapatao 55, na wanamgambo wakalipiza kwa kuua weusi wengi, wakiwamo wasiojua habari yoyote. Haiti ilikwisha kushinda tangu mwaka 1804. Mzee Ben alikuwa na wembe mmoja. Nyuma ya shingo ile palikuwa na doria, sheria, na watoto wake mwenyewe. Aliyeuzuia mkono wake hakuwa amezaliwa mnyonge. Alikuwa amepiga hesabu.

Na palikuwa na Harriet Tubman. Mwaka 1851 alirudi Maryland kumchukua mumewe, akamkuta ameoa mwanamke mwengine. Hakurudi mikono mitupu: aliwachukua watumwa wengine, akaendelea kwenda na kurudi hadi akawatoa karibu watu 70. Broomhilda naye aliwahi kutoroka, akafungiwa ndani ya sanduku la chuma juani, lakini filamu inamtaka angoje tu, awe kama binti wa ngano ya Kijerumani anayosimulia Schultz.

Karibu na mwisho Django anauzwa kwa kampuni ya machimbo, anawahadaa wasafirishaji, anawaua, na kumwomba mmoja wa watumwa watatu waliomo katika gari la kizimba ampatie baruti. Anapewa. Anapanda farasi asiye na tandiko na kuondoka kasi. Kamera inabaki kwa muda kwenye kizimba, ambamo mmoja wa wale watatu anamtazama anavyotokomea, na uso wake unaanza kutabasamu. Kisha inamfuata Django.