Maliwazo ya Askari Wakati wa Maafa: Yanamtumikia Nani?

Makada wanapojadili uhusiano wa Jeshi na umma, suala la kumliwaza askari aliyepelekwa kuokoa watu huachwa pembeni kama anasa. Hilo ni kosa la nadharia, na bonde la Kilombero hulifichua kila masika yanapozidi kipimo.

Wakoloni hawakulipuuza. Katika Vita vya Pili vya Dunia kikosi chao cha propaganda kilizunguka Afrika Mashariki kwa magari, kikionyesha gwaride, bendi na silaha, na askari waliokwenda Burma walipelekewa gazeti la Kiswahili, Heshima. Ufundi ulikuwapo, hatukanushi. Lakini askari alikuwa mtu wa kutulizwa ili apigane vita asivyoviamua, na raia alikuwa mtazamaji wa kushawishiwa.

Baada ya maasi ya Januari 1964, JWTZ liliundwa Septemba mwaka huo liwe jeshi la aina nyingine. Mwenge Jazz ya JWTZ na Kimulimuli ya JKT ziliwachezesha askari na raia katika ukumbi mmoja. Hayo ni mafanikio makubwa. Udhaifu wake ni kwamba bendi ya dansi imejengwa kwa ajili ya ukumbi: inataka umeme, jukwaa na barabara ya lori. Mafuriko huondoa vyote vitatu.

Tutazame hali halisi. Chini ya milima ya Udzungwa reli ya TAZARA inapita Ifakara, Mbingu na Chita hadi Mlimba. Behewa moja lenye jiko, vitanda, nguo kavu na mahali pa kuchaji simu ili askari aongee na mkewe lingefaa kuliko malori matano ya spika (ingawa reli nayo ina siku zake za kukatwa na maji). Ng'ambo ya mto, kuelekea Malinyi, reli hakuna. Daraja lililofunguliwa mwaka 2018 linamvusha askari, halimfikishi katika kijiji kilichozingirwa na maji. Huko maliwazo yatakwenda kwa mtumbwi wa Mndamba, kwa hiyo lazima yawe madogo: chai ya moto, soksi kavu, redio.

Tena si kila uchovu hutibiwa kwa muziki. Maporomoko ya Hanang ya Desemba 2023 yaliua watu zaidi ya 80, na askari walikuwa miongoni mwa waliotafuta miili katika tope la Katesh. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuchekeshwa, anahitaji kusikilizwa. Zamani tungesema ni kazi ya tawi la Chama kambini. Matawi hayo yaliondoka na mfumo wa vyama vingi wa 1992, na ilikuwa haki yaondoke. Basi kazi hiyo ni ya kamanda na mganga wake, na wafundishwe kuifanya.

Limebaki jambo zito zaidi. Askari wanaokula wali wa moto na kucheza dansi hatua chache kutoka kwa familia iliyolala njaa chini ya turubai wamekwisha kujitenga na umma, hata kama mchana kutwa waliibebea magunia. Mwongozo wa 1971 ulikataza ubwana na majivuno kwa viongozi. Sioni kwa nini kambi ya uokoaji isamehewe. Chungu kiwe kimoja. Wenyeji wakitaka kupiga sangula yao, askari waingie ngomani kama wageni. Na kabla spika yoyote haijafungwa, mwenyekiti wa kijiji aulizwe kwanza kama matanga yamekwisha.