Mchanganyaji Anayelinda Usingizi

Likasi, huku Katanga nchini Kongo, ni mji wa madini uliozoea zamu. Tangu ulipoitwa Jadotville, kwa jina la mhandisi Mbelgiji Jean Jadot, mitambo ya Shituru haikungoja mapambazuko: wengine waliingia kazini jua likizama, wengine wakarudi nyumbani jua likichomoza. Kampuni ya madini ya Union Minière iliondoka, kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines ikashika mahali pake mwaka 1967, na baadaye zikaja kampuni nyingine. Nyumba za Kikula na Panda bado zinaijua nidhamu ya kufunga mapazia mchana na kuwanyamazisha watoto kwa sababu baba amelala. Katika mji wa namna hii usingizi ni mali, na anayeuharibu ameiba.

Ndiyo maana nataka kumsifu fundi ambaye watu humsifu kwa nusu tu ya kazi yake: mchanganyaji wa kokteli za kahawa. Nusu inayoonekana ni povu, harufu, na gilasi iliyotoa jasho la barafu. Nusu ya pili huanza mgeni akishalala kitandani, wakati baa imefungwa na hakuna wa kupiga makofi. Kwangu, hapo ndipo ufundi hupimwa.

Kokteli za kahawa zilizo maarufu tumezirithi kwa watu waliotaka kubaki macho. Kahawa ya Kiirishi, yaani kahawa moto, sukari, wiski na krimu juu yake, ilitengenezwa na mpishi Joe Sheridan huko Foynes, Ireland, katika miaka ya 1940, mahali zilipotua ndege za majini. Husimuliwa kwamba abiria walirudishwa na hali mbaya ya hewa usiku wa baridi, naye akawapa cha kuwapasha moto. Miaka ya 1980, mjini London, Dick Bradsell alitikisa pamoja vodka, espreso na kileo cha kahawa. Kwa simulizi yake mwenyewe, msichana mmoja alimwomba kinywaji cha kumwamsha na kumlewesha kwa pamoja. Vinywaji hivyo viwili viliwafaa walioviomba. Msafiri aliyekwama alihitaji joto na uchangamfu. Mpenda starehe alihitaji usiku mrefu. Lakini mgeni wa Likasi anayetazamiwa kazini alfajiri ana haja nyingine, na fundi mwema haazimi jibu la swali ambalo mgeni wake hakuuliza.

Mji huu una kisa chake na Wairishi. Mnamo Septemba 1961, kikosi cha askari wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa, chini ya Pat Quinlan, kilizingirwa hapa Jadotville na majeshi ya Katanga. Walituma ujumbe kwa redio kusema watapigana mpaka risasi ya mwisho, na kwamba wangefurahi kupata wiski kidogo. Waliishiwa risasi na maji, wakashikwa mateka, na wote wakarudi kwao hai. Nakikumbuka kisa hicho kwa heshima, maana kinaonyesha mahali halali pa kinywaji katika maisha ya mtu: faraja kidogo baada ya siku nzito. Faraja hiyo isije ikadai malipo usiku.

Malipo hayo yana jina. Mwaka 1819 mkemia Mjerumani Friedlieb Runge aliitenga kafeini kutoka kwenye punje za kahawa. Kutwa nzima mwili hukusanya ubongoni kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Kafeini hukalia nafasi za adenosini na kuizuia isisikike. Uchovu haujaondoka, umezibwa mdomo tu. Tena kafeini haina haraka ya kutoka. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu yake hubaki mwilini baada ya takriban saa tano. Espreso moja ina kama miligramu 60. Anayekunywa kokteli yenye espreso mbili saa tatu usiku, ifikapo saa nane bado amebeba kafeini ya espreso nzima. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400, hata zikinywewa saa sita kabla ya kulala, zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Na miili haifanani: mvutaji sigara huitoa upesi, ilhali mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango hukaa nayo karibu mara mbili ya muda wa kawaida.

Pombe nayo ina namna yake. Humlaza mtu haraka, kisha humvunjia usingizi katika nusu ya pili ya usiku. Zikikutana gilasini, kafeini huficha ulevi, mtu akajiona timamu na kuagiza tena, na pombe huficha ule uchangamfu utakaomgeuzageuza kitandani. Mchanganyaji ameshika vitu viwili vinavyoficha ukweli, kwa hiyo yeye lazima awe mkweli zaidi ya vyote viwili.

Habari njema, na kwangu ndiyo msingi wa ufundi huu, ni kwamba ladha ya kahawa si kafeini. Kafeini haina harufu, na sehemu yake katika uchungu wa kahawa ni ndogo. Uchungu mwingi huzaliwa punje zinapokaangwa. Harufu inayomfikia mpita njia, utamu wa mbali kama wa sukari iliyoungua, uchachu wa tunda katika arabika nzuri, vyote vinaweza kukaa gilasini hata kafeini ikiwa imeondoka. Mtu anaweza kupewa kahawa yote anayoipenda bila kupewa mkesha.

Uchaguzi wa kwanza ni mbegu. Robusta ni mzaliwa wa misitu ya bonde la Kongo. Mwanzoni mwa karne iliyopita mbegu zake zilipelekwa Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeiangamiza arabika, na kituo cha utafiti cha Yangambi, Kongo, kikaja kuwa shule kubwa ya kuichunguza. Huupa mchanganyiko povu nene, lakini kafeini yake inakaribia maradufu ya arabika. Arabika yetu hutoka kwenye miinuko ya mashariki, kandokando ya Ziwa Kivu, ambako vyama vya ushirika kama Sopacdi cha Minova vimeifikisha kwa wanunuzi wa nje. Fundi anayechagua arabika ya Kivu kwa gilasi ya jioni amepunguza mzigo karibu nusu kabla hajawasha moto.

Uchaguzi wa pili ni kahawa iliyoondolewa kafeini. Ludwig Roselius wa Bremen ndiye aliyeifanya biashara, kwa kampuni ya Kaffee HAG iliyoanzishwa mwaka 1906. Yeye alitumia benzini, ambayo leo tunaijua kuwa sumu. Siku hizi kazi hiyo hufanywa hata kwa maji matupu, au kwa kaboni dioksidi iliyoshindiliwa. Kikombe chake kwa kawaida hubaki na miligramu chache tu. Wengi huidharau kwa sababu walipewa iliyolala kabatini miezi mingi. Ikiwa imekaangwa karibuni na kusagwa palepale, haina haja ya kuombewa radhi. Asiyetaka kuiacha kabisa kahawa kamili achanganye nusu kwa nusu.

Uchaguzi wa tatu ni kipimo, na hapo walimu wetu ni wazee wa pwani. Muuza kahawa wa Mombasa au Unguja, na dele lake la shaba, humimina kahawa chungu katika kikombe kinachoenea kiganjani, pamoja na kashata au tende. Mazungumzo ya barazani ni marefu, lakini kikombe ni kidogo, na mnywaji hapungukiwi na kitu. Kokteli ya jioni nayo haihitaji gilasi kubwa. Mililita 30 za espreso ya arabika isiyo na kafeini, 30 za ramu au wiski, kijiko cha maji ya sukari na punje moja ya iliki iliyopondwa vinatosha. Espreso iwe imetoka mashineni sasa hivi, kwa maana hewa iliyomo ndiyo inayolea povu. Barafu iwe nyingi na ngumu. Tikisa kwa nguvu mpaka kopo liume mikono, kisha chuja. Kileo kiwe cha chupa iliyoandikwa nguvu yake. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, hata ikiwa imetoka kwa jirani unayempenda, usiilete hapa: nguvu yake haijulikani, na ufundi wa kipimo hauwezi kusimama juu ya kisichopimwa.

Kwa asiyekunywa kileo, fundi asimpe soda na kumgeuzia mgongo. Kahawa hiyohiyo, tangawizi iliyokamuliwa, asali ya misitu yetu ya miombo na limao kidogo, vikitikiswa kwa bidii ileile, hutoa kinywaji chenye heshima yake. Tena huyu ndiye atakayelala vizuri kuliko wote.

Uchaguzi wa mwisho ni saa, na huo haufanyiki bila kuongea na mtu. Mchanganyaji ninayemsifu huuliza kabla hajagusa chupa: “Papa, kesho unaingia saa ngapi?” Jibu hilo humwambia mengi kuliko orodha ya vinywaji. Mwenye mapumziko kesho, akija mapema jioni, anaweza kupewa espreso kamili. Anayeingia alfajiri hupewa isiyo na kafeini, gilasi moja, na maji baridi pembeni. Anayeomba ya pili baada ya saa tatu usiku huambiwa ukweli kwa upole, hata kama ukweli huo unapunguza mauzo.

Mafundi wengi hufanya kazi wakitazamwa. Mshonaji huliona vazi likimkaa mteja, mpishi huiona sahani ikirudi tupu. Mchanganyaji hana namna ya kumwona mgeni wake saa nane za usiku, na akimharibia usiku, mgeni atalaumu joto au mbu. Hivyo hakuna kinachomlazimisha kuwa makini isipokuwa heshima yake kwa mtu aliyemwamini. Heshima hiyo inastahili kufundishwa kwa vijana wanaoanza kazi hii hapa Likasi kabla ya kufundishwa povu: wajue mbegu, wajue kipimo, wajue saa, na wamhesabu mgeni kuwa wamemhudumia siku atakapofika kazini akiwa amelala usiku wake wote.