Waridi Kwenye Deshibodi

Kuna watu watakuambia Taxi ya Jafar Panahi ni filamu ya kuchekesha, na si uongo. Mwongozaji aliyekatazwa na mahakama ya Iran mwaka 2010 asitengeneze filamu kwa miaka 20 anajifanya dereva wa teksi mjini Tehran. Kamera iko kwenye deshibodi, watu wanapanda na kushuka. Kuna jamaa anayeuza DVD feki, kuna mama wawili wazee na samaki wao kwenye bakuli. Nilicheka sana. Lakini nimeirudia mara tatu kwa sababu ya abiria mmoja tu, anayepanda karibu na mwisho, amekumbatia shada la maua mekundu ya waridi.

Huyo ni Nasrin Sotoudeh, na haigizi. Ni wakili kweli. Aliwatetea watu waliokamatwa kwenye maandamano ya baada ya uchaguzi wa 2009, na kwa kazi hiyo akapewa miaka 11 jela, ikapunguzwa hadi 6 kwenye rufaa. Alitoka Septemba 2013. Kwenye filamu anaingia garini kama shangazi anayeenda kumwona mgonjwa: anasalimia, anacheka, anaweka maua yake vizuri. Anaenda kwa familia ya Ghoncheh Ghavami, msichana aliyekamatwa 2014 kwa kutaka kutazama mechi ya voliboli ya wanaume. Ndio, voliboli.

Panahi anamwambia ameisikia sauti barabarani, akadhani ni ya yule aliyekuwa akimhoji gerezani. Sotoudeh hashtuki. Wateja wake humwambia kitu hicho hicho, kwa sababu mtu akifungwa macho kwa kitambaa hubaki na sauti tu. Hakuna muziki hapo, kamera haisogei, gari linaenda tu. Sijui kama kuna filamu ya mahakamani yenye majaji, nyundo na hotuba ndefu iliyowahi kunionyesha kazi ya wakili hivi: mtu anayebeba sauti za wengine kichwani na bado anakumbuka kununua maua.

Halafu anachomoa waridi moja na kuliweka mbele ya kamera. Ni la watu wa sinema, anasema, maana hao wanaweza kutegemewa. Hapa ndipo mimi na Panahi tunakosana kidogo. Filamu ilishinda Dubu wa Dhahabu kule Berlin mwaka 2015, na naelewa kwa nini ukumbi mzima wa watu wa sinema ungependa kupewa ua. Inapendeza kuambiwa wewe ni wa kutegemewa na umekaa tu kwa kiti. Lakini dakika chache kabla ya hapo Sotoudeh ametaja kwamba chama chake cha mawakili kinataka kumzuia kufanya kazi, na filamu inapita juu ya jambo hilo haraka kama mathree inayokimbia stage. Mimi nilitaka tusimame pale. Karao akikushika, unajua ni karao. Wenzako mliovaa joho pamoja wakikaa mezani kupiga kura juu ya leseni yako, hiyo ni baridi nyingine. Na kweli, Oktoba 2014 walimfungia miaka 3.

Yaliyofuata hayakuhitaji kamera. Mwaka 2018 aliwatetea wanawake waliovua hijabu hadharani wakipinga sheria ya kuivaa. Alikamatwa Juni mwaka huo huo, na kufikia 2019 hukumu zake zilikuwa zimefika jumla ya miaka 38 na viboko 148. Mojawapo ya mashtaka ni kuchochea ukahaba. Mwaka huo wa 2018 pia mahakama ilitoa orodha ya mawakili 20 wa Tehran walioruhusiwa kushika kesi za usalama wa taifa. Miji mizima ya watu, majina ishirini.

Si ati hii ni ya huko mbali. Mwaka 1987 Gibson Kamau Kuria aliijulisha serikali yetu kwamba angeishtaki kwa niaba ya wafungwa wa kisiasa waliosema wameteswa. Kabla kesi haijaenda popote, yeye mwenyewe akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Paul Muite akazishika faili.

Mwisho wa Taxi, Panahi na mpwa wake wanatoka garini. Waridi limebaki kwenye deshibodi, na mbele yake barabara tupu. Watu wawili wanakuja na pikipiki, wanavunja, wanachukua kamera. Giza. Hakuna hata majina ya waliofanya kazi ile.

Mara ya tatu, giza lile liliponikuta, nilikumbuka Juni 2024 na namba ya wakili niliyoiandika mkononi kwa biro kabla sijaingia town. Sikuipiga. Nilifika nyumbani jioni, nikaoga, ikaondoka na sabuni, na sikuwahi kuuliza ilikuwa ya nani.