Mistari Ndani ya Kioo

Mtazame fundi faiba akiwa kazini, Mbagala au Tegeta, ameinama chini ya nguzo huku mwavuli ukimkinga jua na vumbi. Anamenya koti la plastiki, anaufuta uzi kwa kitambaa chenye spiriti, anaufuta tena, kisha anaukata kwa kliva. Uzi huo wa kioo una kipenyo cha maikromita 125, na kiini kinachobeba mwanga ni kama 9 tu. Anazilaza ncha mbili kwenye mashine, cheche ya umeme inaziyeyusha zishikane, na skrini inamsomea hasara: desibeli 0.08. Inapitika. Fundi anayejiheshimu anaukata uzi, anaanza upya mpaka aone 0.02.

Uvumilivu wa aina hiyo, ukisogezwa hatua moja mbele, unaingia ndani ya kiini chenyewe. Mwaka 1978 Ken Hill na wenzake, mjini Ottawa, Kanada, waligundua kwamba mwanga wa leza unaweza kuacha alama ya kudumu ndani ya faiba. Mwaka 1989 Gerald Meltz na wenzake nchini Marekani wakaonyesha jinsi ya kuiandika alama hiyo kutoka ubavuni, kwa miale miwili ya urujuanimno inayokutana juu ya uzi. Hiyo ndiyo greitingi ya faiba. Kioo hakikwanguliwi wala hakitobolewi. Kinachobadilika, kwa kiasi kidogo mno, ni namna kinavyopitisha mwanga, mstari baada ya mstari, kila mmoja nusu maikromita hivi kutoka kwa mwenzake. Sentimita moja hubeba karibu mistari 19,000. Mstari mmoja hurudisha chembe ya mwanga isiyofaa kitu. Yote kwa pamoja hurudisha karibu wote, lakini wa rangi moja tu, na rangi nyingine zinapita bila kuguswa. Kichujio safi kuliko hicho sikijui.

Kebo ya SEACOM ilipoanza kazi Dar es Salaam Julai 2009, na Mkongo wa Taifa ukaanza kupeleka mwanga mikoani, umbali ukawa jambo la kushughulikiwa. Pigo la mwanga lina rangi kadhaa, na rangi hizo haziendi mwendo mmoja. Katika faiba ya kawaida, zinazotofautiana kwa nanomita 1 huachana pikosekunde 17 kila kilomita. Kwa gigabiti 10 kwa sekunde, baada ya kilomita 60 hadi 80 mapigo yanaanza kupandana.

Dawa yake ni greitingi ambayo nafasi za mistari zinabanana kidogo kidogo kadiri unavyoingia ndani. Ni kama mwalimu wa michezo anayemwambia mtoto mzito ageuzie katikati ya uwanja, na mwepesi akaguse goli la mwisho: wanarudi pamoja. Sentimita 10 za kioo zinatosha kumchelewesha mwepesi nanosekunde 1. Siku hizi chipu za vipokezi hufanya hesabu hiyo, na zinaifanya vizuri. Greitingi huifanya bila umeme hata kidogo.

Adui wake ni joto. Kila nyuzi 1 ya Selsiasi huisogeza rangi yake kwa takriban nanomita 0.01, na boksi linaloshinda juani hubadilika nyuzi nyingi kati ya alfajiri na saa nane mchana. Kwa hiyo mafundi huufunga uzi ukiwa umevutwa, juu ya kishikio cha metali mbili zinazotanuka tofauti. Joto likipanda, kishikio hulegeza mvuto kwa kiasi kilekile, na rangi inabaki palepale.